Baba Mkwe Chini ya Ekseli

Ukiniuliza baba mkwe wangu alikuwa na sura gani, nitababaika. Ukiniuliza juu ya miguu yake, nitakueleza mpaka unikimbie. Ilikuwa mirefu na mikavu, visigino vimepasuka, na kidole kikubwa cha mguu wa kulia hakikuwa na ukucha kwa sababu jeki iliwahi kukiangukia. Miaka yote niliyoishi katika boma lake, nje kidogo ya Magwagwa, kila jambo zito kati yangu na yeye liliamuliwa mbele ya miguu hiyo. Sehemu yake iliyobaki ilikuwa chini ya gari.

Asiyetoka kwetu atadhani natania. Sisi Abagusii tuna ensoni. Wengine huitafsiri kuwa aibu, wengine heshima, nami nikiwa nimekasirika huiita ukuta. Baba hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mke wa mwana hampi baba mkwe mkono, haketi naye benchi moja, hamtazami usoni wakizungumza. Nililelewa ndani ya mila hiyo, baba yangu mzazi aliishika, kwa hiyo sikuingia boma lile nikiwa mgeni wa mambo. Kilichonishinda ni kwamba mume wangu alirudi Nairobi kwenye kazi yake ya ukarani kabla paa la nyumba yangu halijazoea moshi, akawa mtu wa Desemba kwa Desemba. Nikabaki na wazee wawili: mama mkwe, ambaye alianza kusema alfajiri akanyamaza wakati wa sala ya jioni, na baba mkwe, ambaye hakuruhusiwa kunisemesha uso kwa uso ilhali ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya kila kitu changu.

Gari lilifika kabla yangu. Baba mkwe alikuwa amefanya kazi kwenye gereji ya Mhindi mmoja kule Kericho, na alipoacha kazi alirudi nyumbani akivutwa na trekta, ameketi nyuma ya usukani wa stesheni wagoni ya rangi ya maziwa iliyokatika springi za nyuma. Watu husimulia kwamba aliwapungia mkono njia nzima, kana kwamba trekta halikuwepo. Akaliweka uwanjani, katikati ya nyumba yake na mahali ambapo baadaye ilijengwa yangu. Hakuwa na mtambo wa kuliinua, naye alitaka kulala chini yake. Basi akachimba shimo.

Lilikuwa refu kama mtu aliyelala, na kina chake kilifika magotini. Upande wa nyuma alilikata mteremko. Aliingia kwa mgongo, kichwa kwanza, akijisukuma kwa visigino mpaka kichwa kikapita ekseli ya nyuma, na miguu ikabaki nje kwenye ule mteremko. Majirani hawakulipenda shimo hilo hata kidogo. Kwetu shimo la ukubwa huo huchimbwa kwa sababu moja tu, na likishachimbwa haliachwi wazi, lisije likatafuta mtu wa kulijaza. Wazee wakaja kumwambia. Akawajibu, yumo humo humo ndani, kwamba halijaachwa wazi, gari ndilo kifuniko chake. Na kweli, kila gari lilipotoka uwanjani alihakikisha mbao zimelazwa juu ya shimo kabla halijafika langoni. Aliliacha wazi siku moja tu, nami nitaifikia.

Polepole boma zima likazoea kupeleka mashauri kwenye miguu. Aliyetaka kuazima jembe, aliyekuja kuposa, kijana aliyefukuzwa shule, wote walisimama nyuma ya gari wakaeleza shida zao, na jibu likatoka chini likiwa limechanganyika na mlio wa spana. Akikubali jambo, alitingisha mguu wa kushoto. Akikataa, yote miwili ilitulia tuli. Mama mkwe alikuwa akimletea chai, anaweka kikombe karibu na kile kidole kisicho na ukucha, anasema, "Kunywa, marehemu," kisha anaenda zake akicheka.

Kwangu mimi shimo lile lilikuwa mlango pekee. Akiwa chini ya gari hakuna aliyeona uso wa mwenzake, kwa hiyo hakuna aliyevunja ensoni. Tena palikuwa na jambo la lugha. Mambo ya gari alijifunza kwa Kiswahili, kile cha gereji ya Kericho, na kilimtoka hivyo hivyo hata nyumbani. Kwa Ekegusii alikuwa mzee wa boma, kila neno limevaa koti. Kwa Kiswahili alikuwa fundi tu. Maneno ambayo hakuweza kuniambia kwa lugha ya mama yake aliniambia kwa lugha ya kazi, na mimi nikajifunza kumjibu vivyo hivyo.

Kazi iliyomla miaka ilikuwa ya ekseli ya nyuma. Gari lile, kama mengi ya siku hizo, lilisukumwa na magurudumu ya nyuma: nguvu ilitoka kwenye injini mbele, ikapita kwenye shafti ndefu, ikaingia difu, lile tufe la gia katikati ya ekseli, na ekseli ikayazungusha magurudumu. Springi zake za zamani, zile za mabamba ya chuma yaliyopangwa, zilikuwa zikifanya kazi mbili, kulibeba gari na kuishika ekseli mahali pake. Zilipokatika hakupata nyingine. Alipata springi za mviringo kutoka gari lililopinduka, ila hizo hubeba tu, hazishiki. Ikabidi aitengenezee ekseli mikono: miwili ya chini na miwili ya juu, kutoka kwenye bodi mpaka kwenye ekseli, na fimbo moja ya kukingama toka upande huu hadi ule.

"Ekseli ni mjinga," aliniambia siku moja nilipomletea maji ya kunawa. "Ukiiacha hivi, haiendi mahali. Hii mkono mbili ya chini inaiambia, usirudi nyuma, usikimbie mbele. Hii mbili ya juu inaiambia, usipinduke dereva akikanyaga moto. Na hii fimbo inaiambia, usiende kwa jirani. Sasa imebaki na nini?"

"Sijui, Baba."

"Kupanda na kushuka, mokamwana. Basi. Hiyo ndiyo kazi yake."

Mokamwana ni mke wa mwana. Hakuwahi kuniita jina lingine. Nilisimama pale na ndoo mkononi, moyo ukanishuka. Nilikuwa nimeamka kabla ya jua, nimechuma chai, nimepanda kilima kwenda kufundisha, nimeshuka kupika, na kesho yake ningepanda na kushuka tena. Kwenda mbele sikuwa na ruhusa. Kurudi kwa mama yangu ingekuwa aibu. Kwa jirani ndio usiseme, mama mkwe alikuwa na macho. Nilihisi nimefungwa kila upande, na aliyenifunga alikuwa akinieleza kwa furaha jinsi kazi hiyo inavyofanywa.

Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Siku moja mchana nyoka aliingia nyumbani mwangu akajikunja nyuma ya mtungi. Nilitoka mbio nikipiga mayowe. Baba mkwe alichomoka chini ya gari, akanyakua panga, akaja mbio mpaka kizingitini, na hapo akagota. Mguu mmoja uliinuka, ukarudi. Jasho lilimtiririka shingoni. Aliliweka panga chini, akageuka akanipa mgongo, akasema, "Chukua." Nikachukua. Akaniongoza kupitia ukuta wa udongo: "Kichwa yake inaangalia wapi? Usikate mkia, mkia haina maana. Ingia pole pole. Sasa!" Nilimuua. Nilipotoka nilimkuta nyuma ya nyumba, amepiga magoti, sikio ukutani, anaomba. Nilimpenda siku hiyo, na nilimchukia pia, kwa sababu angeacha niumwe kuliko avuke kizingiti changu.

Alikuwa Msabato asiye na mchezo. Tangu jua la Ijumaa lizame hakugusa spana. Lakini kukaa mbali na gari alishindwa, kwa hiyo Jumamosi baada ya kanisa alijilaza shimoni na suti yake, akaitazama tu ekseli. Wazee wa kanisa wakaja kumuuliza kama hiyo si kazi. "Nimepumzika," akawaambia. "Au mlitaka nipumzikie wapi?" Wakashauriana kando ya miguu, wakaona hakuna andiko linalokataza shimo, wakanywa chai wakaondoka.

Ukali wake huo aliutia hata kwenye gari. Mahali mkono unapoungana na bodi pana tundu, na ndani ya tundu hukaa bushi, ambayo kwa kawaida ina mpira. Yeye mpira aliudharau. "Mpira ni uongo," alisema. "Leo iko hapa, kesho imesogea." Akatia bushi za chuma kitupu, akakaza kila kitu kikakazika. Gari lilipotembea mara ya kwanza watu walishangilia, na pale uwanjani palipo sawa lilikwenda vizuri. Barabarani mambo yalikuwa mengine. Gurudumu moja likipanda jiwe na la pili likiwa limeshuka kwenye mtaro, ekseli hutaka kujipinda kidogo, na chuma hakikuiachia nafasi. Gari likawa linalia kila kona. Vishikio vilivyobeba mikono ile vikaanza kuchoka. Mafundi wa Kebirigo walimweleza wazi, akawaambia waendelee kuogopa kelele.

Na ndani ya gari akatundika pazia, kitambaa cha maua, kati ya viti vya mbele na vya nyuma, ili mokamwana abebwe bila mila kuvunjika.

Sasa niseme lililonitoa machozi. Nilikuwa mwalimu bila cheti. Miaka ile baada ya uhuru shule zilikuwa zikifunguliwa kila kilima, na mtu aliyesoma kidogo alipewa chaki. Lakini bila kupita chuoni ungebaki hapo ulipo mpaka uzeeke, ukitumwa na kila mtu. Nikaitwa kwenye usaili wa chuo cha ualimu, mjini Kisii, asubuhi moja tu. Kufaulu kulimaanisha kukaa chuoni miaka miwili, mbali na boma, nikiwa na kitanda changu na vitabu vyangu. Nilimtumia mume wangu neno kupitia binamu yake, na jibu likaja kwa mdomo: Baba akikubali, mimi sina neno. Nikaenda kwenye miguu. Nilieleza. Miguu ikatulia yote miwili, nami nikajua yamekwisha. Halafu wa kushoto ukatingishika.

"Mimi mwenyewe nitakupeleka," akasema.

Nilirudi nyumbani nikacheka peke yangu.

Tulitoka asubuhi, yeye mbele, mimi nyuma ya pazia na gauni langu la kanisani. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye ule mteremko mkali wa kushuka Kebirigo nilisikia ta! kubwa chini ya kiti changu. Kishikio cha fimbo ya kukingama kilikuwa kimekatika. Ekseli ikawa haina wa kuizuia kando, ikasogea, gurudumu la kushoto likajikita kwenye bodi, na gari likateleza kwenye matope. Liliposimama, ubavu wake wa kushoto ulikuwa umeegemea ukingo wa udongo, na gurudumu la nyuma la kulia lilining'inia juu ya korongo. Milango ya kushoto ilibanwa na udongo. Ya kulia ilifungukia hewani. Tukitikisika, nalo lilitikisika.

"Usisonge," akasema.

Ilifaa nije mbele, sote wawili tusogee upande wa ukingo, uzito wetu uwe upande mmoja. Mimi nilijua hivyo, na yeye aliyejenga gari alijua zaidi. Kati yetu palikuwa na kitambaa cha maua ambacho mtoto angeweza kukichana. Nilingoja aseme njoo. Nadhani alikuwa akingoja nije bila kuitwa. Hakuna aliyeligusa lile pazia. Tulikaa hivyo, kila mmoja akijishikilia alipo, jua likapanda, na mimi nikawaona kichwani wasichana wenzangu wakiitwa majina mmoja mmoja katika ofisi fulani mjini Kisii, mpaka likafika jina langu na kimya kikafuata. Wakati watu wa Kebirigo walipofika na kamba na kulivuta gari barabarani, adhuhuri ilikuwa imepita. Nililia nyuma ya pazia nikijaribu kutotoa sauti. Najua alisikia, kwa sababu alianza kukohoa, na hakuwa na kikohozi.

Jioni watu walipomuuliza kilichotokea alijibu neno moja: "Barabara."

Mwaka uliofuata nilikuwa na mimba, na chuo siku hizo hakikutaka mwanamke mwenye tumbo wala mwenye kunyonyesha. Kisha akaja mtoto wa pili. Kisha wa tatu. Nikabaki na chaki yangu. Msichana niliyemfundisha kuandika jina lake alienda chuoni, akarudi na cheti, akawa msimamizi wangu, na alikuwa na adabu ya kutosha kuniamkia kwanza kabla ya kunikagua.

Baba mkwe alibadilika mwaka ule ule wa korongo, na sikuelewa kwa nini. Kwanza alizitoa zile bushi za chuma zote, akakata mpira wa tairi kuukuu, akatengeneza mpya, yeye aliyeuita mpira uongo. Mama mkwe alipomtania, aliendelea kukata. Pili, akatangaza kutoka shimoni kwamba mokamwana atajifunza kuendesha.

Hebu fikiri mtu anayekufundisha kuendesha bila kuingia kwenye gari. Alitembea kando, fimbo mkononi, uso ameuelekeza mbele ili asinitazame, akipaza sauti mpaka ng'ambo ya bonde wakasikia: "Krachi! Krachi, mokamwana, si breki! Unaua gari ya watu!" Watoto walifuata nyuma wakicheka. Wanaume walisimama kwenye mashamba ya chai wakashika viuno. Kila somo lilimalizikia uwanjani, kwenye shimo. Ilinipasa nilipandishe gari juu yake na kulishusha, gurudumu moja huku na moja kule, bila kumomonyoa ukingo. "Nyoosha usukani," alisema. "Shimo ikimeza gurudumu, umeshindwa." Nilishindwa mara nyingi, na mara nyingi alitia magogo akalitoa gari bila kunilaumu, jambo ambalo halikuwa tabia yake. Nilipopata leseni alikwenda kukaa nyuma. Pazia likabaki pale pale, ila sasa mimi ndiye niliyekuwa mbele yake. Nikawapeleka wazee kanisani na sokoni Kebirigo, na kila tulipopita ule mteremko nyuma ya pazia palikuwa kimya kabisa.

Sidhani nilikuwa na furaha zaidi. Usukani niliushika, lakini njia zangu zilikuwa zile zile, na jioni nililirudisha gari juu ya shimo. Hata hivyo nilianza kumwona kuwa naye amebanwa. Alikuwa akiota kurudi Kericho, kwenye gereji yenye taa na sakafu ya saruji. Mama mkwe ndiye aliyeniambia. Lakini yeye ndiye mzee wa boma, na ng'ombe wake, na ardhi yake, na wazee wenzake waliokuja kushauriana na miguu yake kila siku, na mwana aliyekaa mjini. Mahali pekee alipoweza kujificha palikuwa na ukubwa wa kaburi.

Miaka ya sabini ilipokuwa inaisha nyonga yake iliharibika. Alitembea kwa fimbo. Kuingia shimoni bado aliweza, kwa sababu mteremko ulimsaidia. Kutoka ndiko kulikomchukua muda mrefu, akitambaa na kupumzika, na hakutaka mtu amsaidie. Na hapo ndipo nilipopata nafasi ya pili. Ilikuwa kozi ya walimu wasio na cheti, Kisii. Kuripoti ni kabla ya saa sita mchana, na asiyefika nafasi yake anapewa anayengoja nje. Nikiikosa hiyo, kwa umri wangu nisingeitwa tena. Mama mkwe alikubali kubaki na watoto. Mume wangu alituma neno lake lile lile. Nilipoenda kwenye miguu, wa kushoto ulitingishika kabla sijamaliza kusema.

Asubuhi ya kuondoka nilitoka na sanduku langu, nikakuta gari limekalishwa juu ya magogo. Magurudumu ya nyuma yametolewa. Mikono minne na fimbo vimelala kwenye gunia kama mifupa. Na miguu ile iko mteremkoni.

Damu ilinipanda kichwani. Sanduku nililitupa chini.

"Baba, unanifanyia nini?"

"Lete hiyo spana kubwa."

"Baba, mwisho ni saa sita! Saa sita watafunga!"

"Najua saa. Lete spana."

Nililia kwa hasira, lakini niliileta. Ningefanya nini? Gari halikuwa na magurudumu. Nilimpitishia chuma kimoja baada ya kingine, akavirudisha mahali pake, bushi mpya kila tundu, na jua lilikuwa likipanda kama siku ile. Aliponiambia nirudishe magurudumu niliyarudisha kwa mikono yangu, nikakaza nati huku nikimlaani moyoni. Ndipo akaanza kusema, kwa kile Kiswahili chake.

"Mokamwana. Ile siku ya korongo, hiyo kishikio ilikuwa inalia."

"Ililia njia nzima, Baba."

"Hapana. Asubuhi. Kabla hatujatoka lango. Nilisikia ufa. Chuma ya kuongeza nilikuwa nayo hapa uwanjani. Ilikuwa kazi kidogo tu."

Mkono wangu ulisimama kwenye nati.

"Sasa mbona hukuitengeneza?"

"Niliona ukienda hutarudi. Kijana yangu yuko Nairobi, hasemi kitu. Nikajiuliza, hii boma itabaki na nani? Sikuikata mimi. Lakini nilisikia, na nikawasha gari. Nikasema, ikifika, imefika."

Niliitazama ile miguu. Visigino vilikuwa vimegandamana na udongo, vyembamba kuliko nilivyovijua. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeilaumu mvua.

"Ulinifunga, Baba," nikasema. Kwa Ekegusii nisingethubutu.

"Nilikufunga. Ndiyo maana leo nimetoa zote. Sikutaka kusikia kitu ikilia. Kaza hiyo ya mwisho, ondoa magogo, nenda."

Nilikaza. Nililiinua gari kwa jeki, nikaondoa magogo, nikalishusha. "Toka sasa," nikamwambia.

"Nikitoka na hii nyonga, saa yako imeisha. Shimo unajua kuipita. Nimeweka kuni mbele ya gurudumu ya kushoto. Panda juu yake. Hii ekseli naiangalia miaka yote imesimama tu. Sijawahi kuiona ikifanya kazi."

Niliingia nikashika usukani. Mama mkwe alikuwa mbali kwenye chai, uwanja ulikuwa mtupu. Mguu wangu ulipokaa kwenye krachi ndipo nilipoelewa mahali nilipo. Mtu aliyeniambia neno lile alikuwa amelala kati ya magurudumu yangu, hana pa kukimbilia, na alikuwa amechagua kuniambia akiwa pale pale. Hasira ilikuwa bado haijanitoka. Usukani ukiteleza kidogo tu, ukingo ungemomonyoka na gurudumu lingemshukia.

"Usifikirie mimi!" sauti ikatoka chini. "Angalia lango!"

Nikaangalia lango. Nikaachia krachi pole pole. Gurudumu la kushoto likapanda kwenye kuni, gari likainama upande wa kulia, na nikangoja kile kilio nilichokizoea. Hakikuja. Likashuka ng'ambo ya pili laini, nami nikaendelea, mikono imekauka kwenye usukani, mpaka gari zima likapita.

Nilisimama langoni nikatazama kioo. Shimo lilikuwa wazi, bila mbao, jua linaingia ndani. Kwa upande wa mbali ilionekana ile miguu. Kwa upande wa karibu kichwa kikachomoza, ndevu nyeupe, oili kwenye paji la uso, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtu yule mzima, miguu na uso wake kwa pamoja. Nilipaswa kuyageuza macho. Sikuyageuza, na yeye pia hakuyageuza.

"Imejipinda vizuri!" akaniita. "Hakuna kitu imelia! Nenda, mokamwana, saa sita!"

Nikaenda. Sikuwa nimemsamehe. Lakini nilikuwa nimepita moja kwa moja.